Kujaza Risasi Upya Nyumbani: Sheria Inasemaje, na Kwa Nini ni Hatari

Siku hizi simu moja yenye data inatosha kumwonyesha kijana wa Lodwar mambo yanayofanyika ndani ya gereji ya mtu huko Marekani. Miongoni mwa video zinazosambaa ni za watu wanaojaza upya maganda ya risasi za bastola. Mzee ameketi mezani, mbele yake kuna mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono na ndoo ya maganda ya shaba yanayong'aa, na kabla ya chakula cha jioni amemaliza mamia. Kwa anayetazama, kazi inaonekana nyepesi kama kutunga shanga.

Baada ya video huja maswali. Je, hapa kwetu inaruhusiwa? Mfanyabiashara mwenye leseni ya bastola anaweza kujitengenezea akiba yake ili asifunge safari ya kwenda kununua? Fundi wa jua kali anayejua kuchonga chuma anaweza kupokea kazi hiyo? Na mama anayeokota maganda kwenye laga akayauza kwa kilo pamoja na mabati na vyuma chakavu, ana kosa?

Jibu la maswali matatu ya kwanza ni hapana. La mwisho lina maelezo, tutalifikia. Usalama ni jukumu la serikali ya kitaifa, na Katiba ya 2010 imeliweka hivyo katika Jedwali la Nne. Lakini mtu akilipukiwa na chuma usoni, hospitali atakayokimbizwa ni ya kaunti, na wauguzi watakaomfunga jeraha ni wa kaunti. Ndiyo maana tunaliandika hapa.

Neno moja, vitu viwili

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na ile metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu inayopatikana ndani ya betri za magari. Si bahati tu. Kwa mamia ya miaka vidonge vya bunduki vilimwagwa kutokana na metali hiyo, na hadi leo kiini cha vichwa vingi vya risasi ni risasi yenyewe, hata kama juu kimevikwa koti la shaba.

Risasi nzima, kabla haijapigwa, ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo ni kikombe cha shaba au cha chuma. Kuna kichwa, kilichobanwa mdomoni mwa ganda. Ndani kuna baruti. Na kwenye kitako, katikati, kuna kikofia kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Kipini cha bastola kinapogonga kikofia hicho, cheche inaingia kwenye baruti, baruti inageuka kuwa gesi, na gesi inatafuta njia ya kutoka. Njia rahisi ni kusukuma kichwa kupitia mtutuni.

Nguvu ya gesi hiyo ndiyo watu wengi hawaifahamu. Katika bastola ya kawaida ya milimita 9, kiwango cha juu kinachokubaliwa na wapimaji wa kimataifa ni bar 2,350. Tairi la Probox hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Basi ndani ya kipande cha chuma ulichokishika kwa kiganja, mbele ya uso wako, kuna msukumo unaofika mara elfu moja ya ule wa tairi. Bunduki ya AK-47 inapita hapo. Risasi yake imewekewa kikomo cha bar 3,550. Bastola imeundwa kustahimili kiwango chake na kidogo juu yake. Haikuundwa kustahimili kiwango cha kubahatisha.

Ndiyo sababu kiwanda hakitoi risasi sokoni kwa kuziangalia kwa macho. Kila fungu la baruti hupimwa, na sampuli za kila toleo hufyatuliwa kwenye mitutu maalumu ya maabara yenye vipima nguvu. Toleo likionyesha kasoro, lote huwekwa kando. Kenya ina kiwanda chake, Kenya Ordnance Factories Corporation cha Eldoret, kilichoanzishwa 1997, na risasi za milimita 9 ni miongoni mwa zinazotengenezwa huko. Tofauti ya kiwanda na meza ya jikoni si ukubwa wa mashine. Ni kwamba kiwandani kuna mtu ambaye kazi yake ni kukataa kilichoharibika.

Yanayoharibika

Baruti ikizidi, bastola inapasuka. Hilo kila mtu anaweza kulikisia. Lisilokisiwa kwa urahisi ni kwamba baruti ikipungua inaweza kuwa mbaya vilevile. Mlio unasikika hafifu, kichwa kinasukumwa nusu ya safari na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anadhani risasi imekataa. Anafyatua nyingine. Sasa risasi ya pili inakuta njia imezibwa, gesi haina pa kwenda, na mtutu unafunguka kama ganda la ndizi. Vidole, jicho, wakati mwingine shingo.

Kwa wingi, hatari inaongezeka kwa namna yake. Anayetengeneza risasi kumi anaweza kuzikagua moja moja. Anayetengeneza elfu moja anafanya kazi ileile ya mkono mara elfu moja, huku amechoka, huku mtoto anaita nje, huku simu inalia. Kama kipimo kilikuwa na kosa tangu asubuhi, kosa hilo limo ndani ya zote, nazo zimekwisha changanywa katika mkebe mmoja. Hakuna anayeweza kutazama risasi iliyofungwa na kusema ndani mna kiasi gani.

Kisha kuna baruti yenyewe kukaa nyumbani. Lodwar si mji wa baridi. Joto la mchana kupita nyuzi 35 ni jambo la kawaida, na chini ya paa la bati linapanda zaidi. Baruti na kemikali za kuwashia huharibika haraka zikiwekwa kwenye joto kwa miezi. Nyingine hupoteza nguvu, nyingine huwa hatari kushikwa. Fikiria nyumba za Kakuma, zilivyojengwa karibu karibu, kuta za udongo na paa za mabati au turubai, na jiko la makaa likiwaka hatua chache kutoka kitandani. Moto ukianza katika nyumba yenye mkebe wa baruti chini ya kitanda, majirani wanaokuja na ndoo za maji ndio wanaoumia kwanza.

Risasi iliyoanguka motoni, kwa kusema kweli, haiendi mbali kama ile iliyotoka mtutuni, kwa sababu hakuna mtutu wa kuishika na kuielekeza. Lakini ganda hupasuka na vipande vyake huruka. Kwa mtoto aliyechuchumaa kando ya moto, kipande kidogo kinatosha kumtoa jicho.

Marekani wanafanya, sisi kwa nini tusifanye

Ni kweli kwamba katika sheria za kitaifa za Marekani mtu anaweza kujaza upya maganda kwa matumizi yake mwenyewe bila kuomba kibali. Wawindaji na walenga shabaha wa huko wamefanya hivyo tangu karne ya 19, na vifaa vinauzwa madukani wazi, pamoja na vitabu vya vipimo vilivyotoka kwenye maabara za watengenezaji wa baruti. Hata hivyo anayetaka kuziuza analazimika kupata leseni ya utengenezaji, na waliozoea kazi hiyo kwa miaka mingi bado huharibu bastola na kujeruhi mikono. Video ya mkono uliojeruhiwa haisambai kama ile ya ndoo ya shaba.

Kenya haikufuata njia hiyo, na sababu zake zina historia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni ya mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na karakana msituni, wakitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na silaha hizo mara nyingi zilimpasukia aliyezishika. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba uhaba wao mkubwa ulikuwa wa risasi kuliko bunduki, ikaweka adhabu ya kifo kwa kupatikana nazo. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, mashtaka aliyosomewa Nyeri hayakuwa ya kuua mtu. Yalikuwa mawili: kumiliki bastola, na kumiliki risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Adhabu ya kifo kwa kosa hilo iliondoka na wakoloni, lakini mfumo wa sheria ulibaki: risasi ni kosa peke yake, hata bila bunduki. Wengi hawalijui hili. Mtu anasema, "Mimi sina silaha, nina risasi mbili tu za ukumbusho." Mahakamani shtaka linasomwa hivyo hivyo, kupatikana na risasi bila cheti cha silaha, na adhabu yake huhesabiwa kwa miaka, si kwa miezi. Kwa bunduki za kivita kama AK-47 na G3 zisizo na kibali, sheria inafika hadi kifungo cha maisha.

Mwenye leseni

Sasa turudi kwa mfanyabiashara wetu mwenye bastola halali. Cheti chake kinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na mbali na kutaja bastola yenyewe, kinataja kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kiasi anachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Akikutwa na zaidi ya hapo, leseni haimwokoi. Kwa hiyo wazo la "akiba kubwa" linavunjika hata kabla hatujauliza imetoka wapi.

Na imetoka wapi ndilo swali la pili. Kutengeneza, kuuza, kuhamisha, kurekebisha au kupima silaha na risasi ni kazi ambayo sheria imemwachia mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Leseni ya kumiliki haigeuki kuwa leseni ya kutengeneza. Baruti nayo iko chini ya sheria nyingine, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, ambayo inataka vibali vyake vya kutengeneza, kununua na kuhifadhi. Mtu anayejaza maganda sebuleni anaweza kujikuta amevunja sheria mbili kwa kijiko kimoja.

Wenye leseni wanakumbuka mwishoni mwa 2018, serikali ilipoagiza kila mmiliki wa silaha nchini apigwe msasa upya. Waliosumbuka ni wale wasioweza kueleza silaha zao au risasi zao zilikotoka. Risiti ya duka lililosajiliwa inaeleza. Risasi iliyojazwa nyumbani haina risiti.

Fundi wa jua kali tunamwomba kitu kimoja. Mteja akikuletea ganda tupu na kukuuliza kama unaweza kulinyoosha, au kuchonga kifaa cha kulibana, kataa papo hapo. Hakuna bei inayolingana na kesi hiyo.

Zinatoka wapi

Mtu anaweza kuuliza: je, risasi haramu zinazotumika kwenye mashambulizi huku kwetu ni za kujazwa nyumbani? Kwa sehemu kubwa sana, si hizo. Kaunti yetu inapakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na kila upande umekuwa na vita vyake. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wanajeshi walikimbia kambi ya Moroto na ghala la silaha likabaki wazi. Wamatheniko walichukua bunduki nyingi, na uwiano wa nguvu kati ya Karamoja na Turkana ukabadilika kwa msimu mmoja. Kabla ya hapo kulikuwa na bunduki za kienyeji huko Karamoja, zilizochongwa kwa mabomba ya chuma. Baada ya Moroto hakuna aliyezihitaji. Vita vya Sudan vilileta nyingine. Wazee wa Lokichoggio hawahitaji kuelezwa: hospitali ya Lopiding, iliyoendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu 1987 hadi 2006, ilipokea majeruhi wa risasi waliosafirishwa kwa ndege kutoka ng'ambo ya mpaka kwa karibu miaka 20.

Upande mwingine wa habari hii hausemwi sana kwenye mabaraza, lakini umechapishwa. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva ilitoa ripoti kuhusu iliyokuwa Wilaya ya Turkana Kaskazini. Watafiti walikagua alama kwenye vitako vya risasi na kuzilinganisha. Ripoti ilidai kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria katika eneo hilo zilitokana na ugavi wa polisi wa Kenya wenyewe, zilizotolewa ili wafugaji wajilinde dhidi ya majirani wenye silaha. Tangu wakati huo mfumo wa polisi wa akiba umepangwa upya, na leo askari wa akiba anatakiwa kuandikisha bunduki yake na kuhesabiwa risasi zake. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha jambo la maana: risasi ina kumbukumbu.

Alama hizo za kitako ni herufi na tarakimu ndogo zinazopigwa kiwandani. Zinasema kiwanda, na mara nyingi mwaka. Mpelelezi akiokota maganda baada ya shambulio anaweza kusema yalitengenezwa wapi. Kipini cha bunduki na kile kidoa kinachong'oa ganda huacha mikwaruzo yao pia, kila bunduki na yake, na wataalamu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai huitazama chini ya darubini. Ganda lililojazwa upya linavuruga ushahidi huu wote. Linabeba mikwaruzo ya bunduki mbili au tatu na alama ya kiwanda ambacho hakikujaza baruti iliyomo. Familia iliyopoteza mtu na mifugo inabaki bila jibu kwa sababu shahidi wa pekee, kipande cha shaba, ametoa maelezo mawili yanayopingana.

Kwa upande wa ufundi, maganda mengi yanayookotwa mashambani huku kwetu hayafai hata kwa wanaotaka kuyajaza. Ni ya bunduki ndefu, si ya bastola. Mengi ni ya chuma kilichopakwa rangi, yametengenezwa kutumika mara moja, na yamelala mvuani na chumvini. Anayekuuzia risasi "zilizofanywa mpya" kwa bei ya chini anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe asingekifyatua.

Sumu isiyo na mlio

Kuna madhara ambayo hayangoji bastola ipasuke. Wanaojaza risasi kwa wingi mara nyingi huyeyusha metali ya risasi ili kumwaga vichwa, na malighafi rahisi ni betri za gari zilizokufa na vizito vya magurudumu. Metali hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida. Vumbi na moshi wake hauna harufu ya kukuonya. Hukaa kwenye nguo, kwenye sufuria, kwenye udongo wa uani ambako watoto hucheza na kula kwa mikono.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa mwili wake hufyonza zaidi na ubongo wake bado unakua: anapungukiwa damu, anachelewa kujifunza, anakuwa mzito wa kusikia. Kwa mama mjamzito, sumu hupita hadi kwa mtoto tumboni. Wakenya tulishaliona hili. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kilipofungwa 2014, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hicho kilikuwa kiwanda chenye ukuta na bomba la moshi. Uani kwako hakuna hata hayo.

Kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa akiyeyusha betri, kwa sababu yoyote ile, iwe ya vyombo, nyavu za kuvulia ziwani au kingine, mwambie muuguzi au daktari mnapofika kliniki. Maumivu ya tumbo yasiyoeleweka na mtoto aliyepauka huweza kutibiwa kama minyoo au malaria kwa miezi, kumbe chanzo ni hicho. Usitumie tena sufuria iliyoyeyushia metali kupikia, hata ukiisugua kwa mchanga mara saba.

Maganda, vyuma chakavu na watoto

Tulisema tutafika kwa mama wa vyuma chakavu. Ganda tupu lililopigwa si risasi nzima, halina baruti wala kichwa, na ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, bonde la Omo, watu huyatunga kwenye mapambo. Tatizo ni kwamba katika gunia la maganda matupu hukosekana mara chache lile moja ambalo halikupigwa, au lililogongwa likakataa. Hilo moja ni risasi mbele ya sheria, na ni kilipuzi mbele ya nyundo ya mnunuzi. Biashara ya vyuma chakavu nayo inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na tangu marufuku ya Januari hadi Mei 2022, iliyotokana na uharibifu wa nguzo na nyaya za umeme, ukaguzi wa mizigo barabarani umekuwa mkali. Gunia la maganda kwenye lori la kutoka Kakuma kwenda Lodwar litafunguliwa, na dereva ataulizwa.

Ushauri wetu: usiokote, usinunue kwa kilo, na wanunuzi wasipokee. Faida ya shaba kidogo hailipi siku moja ya rumande.

Watoto ni habari nyingine. Laga ya Tarach inapojaa na kukauka, au upepo unapofagia mchanga mahali palipokuwa na makabiliano zamani, vitu hutokea juu. Mtoto anaona kitu kinachong'aa, anakigonga kwa jiwe. Walimu wa shule za msingi na wa madrasa, na viongozi wa mitaa ndani ya kambi, wafundisheni mambo matatu tu: simama, usiguse, mwite mtu mzima. Ni vyema mtoto asiogope kupigwa kwa kusema aliona nini, maana anayeogopa huficha mfukoni.

Ukiikuta risasi

Usiibebe kuipeleka kituoni mwenyewe. Nia yako ni njema, lakini ukisimamishwa njiani na kizuizi cha polisi, unachoonekana nacho mkononi ni risasi. Weka alama kwa mawe mbali kidogo, zuia watoto na mifugo, kisha mwarifu chifu, chifu msaidizi au kituo cha polisi, waje wenyewe. Ndani ya kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, anza na polisi walio karibu nawe. Mkimbizi na mwenyeji wanasimama sawa mbele ya Sura ya 114, na kambi kwa asili yake ni mahali pa raia, bila silaha ya aina yoyote.

Kama risasi zimo ndani ya nyumba yako, zimeachwa na marehemu baba au kaka aliyekuwa na adakar huko mpakani, jambo ni zito kidogo lakini lina njia. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini ambaye polisi nao wanamwamini: chifu, padri, mchungaji, imamu, au mzee wa kamati ya amani. Wao huandaa makabidhiano kabla kitu hakijaondolewa pale kilipo. Serikali imekuwa ikitoa nafasi za kusalimisha silaha kwa vipindi, mojawapo Februari 2023, siku chache kabla ya kuanza kwa Operesheni Maliza Uhalifu iliyogusa Turkana na kaunti nyingine tano. Silaha zinazokusanywa huharibiwa hadharani: Juni 2021 zaidi ya bunduki 5,000 zilichomwa moto huko Ngong.

Ukimsikia jirani akigonga na kuyeyusha usiku, na umeona maganda, usiende kumkagua wewe. Wala usilitangaze kwenye kundi la simu, kwa kuwa huenda jirani ni fundi sufuria tu na umemchongea kesi, au huenda siye fundi sufuria na amejua aliyemtaja. Mwambie chifu ana kwa ana.

Aliyejeruhiwa afikishwe hospitali mara moja, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar au kituo kilicho karibu Kakuma. Funga jeraha kwa kitambaa safi na bana kwa nguvu. Usichokonoe kipande kilichoingia, usimwage majivu wala mafuta ya taa. Jicho lililoumia lifunikwe bila kukandamizwa. Wahudumu wetu humtibu mtu kwanza, maelezo baadaye. Namba za dharura za polisi ni 999 na 112, na hazikati salio.